Mwongozo Kamili: Kusanifu Moduli ya Amplifaya ya Redio ya Simu Isiyomaliza Betri

Simu ikiwa mahali ambapo mtandao ni hafifu, huanza kupata joto mgongoni na chaji hushuka mbio hata kama hujafungua chochote kizito. Mara nyingi anayekula umeme hapo ni kijipande cha milimita chache za mraba kilicho jirani na antena, yaani amplifaya inayosukuma mawimbi yafike mnarani. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuisanifu hatua kwa hatua. Nachukulia kwamba unajua kuisoma chati ya Smith, unaelewa dBm ni nini, na umewahi kushika transista. Mfano wetu utakuwa bendi ya 1 ya LTE (mtandao wa 4G), ambapo simu hutuma kati ya MHz 1920 na 1980. Hesabu nyingi nitazifanya kwenye MHz 1950.

Hatua ya 1: Anza kwenye antena, rudi nyuma

Wengi huanza na transista. Wanasoma jedwali lake, wanaona ufanisi wa 60%, wanafurahi. Miezi mitatu baadaye simu nzima inatoa 15% na hakuna anayejua nyingine imeishia wapi. Anza upande wa pili.

Kiwango cha kawaida cha simu ya LTE, daraja la 3 la nguvu, ni dBm 23 kwenye antena, yaani miliwati 200. Kati ya amplifaya na antena kuna vitu vinavyokula nguvu. Tuseme dupleksa (kichujio kinachotenganisha kutuma na kupokea) inakula dB 2, swichi ya antena dB 0.6, kapla (inayochota mawimbi kidogo ili yapimwe) na njia za bodi dB 0.4. Jumla ni dB 3. Kwa hiyo moduli lazima itoe dBm 26. Ndani ya moduli kuna saketi ya kulinganisha impedansi, nayo itakula dB 0.5 hivi. Kolekta ya transista basi inatakiwa kutoa dBm 26.5, ambazo ni miliwati 447.

Sasa tuseme kolekta ina ufanisi wa 45%. Umeme unaochukuliwa ni takriban wati 1. Katika hiyo wati 1, miliwati 200 ndizo zinazoruka hewani. 800 zinabaki ndani ya simu kama joto, na 247 kati ya hizo hazikupotelea kwenye transista kabisa. Zimepotelea njiani.

Halafu fanya jaribio hili kwenye karatasi: punguza upotevu wa njiani kwa dB 0.5 tu. Kolekta itatakiwa kutoa miliwati 398 badala ya 447, na kwa ufanisi uleule wa 45% umeme utashuka hadi miliwati 885. Ili upate faida hiyohiyo kwa kuboresha transista peke yake, ingebidi uipandishe kutoka 45% hadi 50.5%. Aliyewahi kutafuta asilimia tano na nusu za ufanisi kwenye transista anajua ni jasho la kiasi gani. Nusu dB ya njiani wakati mwingine hupatikana kwa kubadili indakta moja.

Tengeneza jedwali la hesabu hii kabla ya kufungua programu ya kuchora saketi, na ulirudie kila kitu kinapobadilika. Lijaze pia kwa masharti ya ubora wa mawimbi. Kwa LTE, nguvu inayomwagikia chaneli jirani lazima iwe chini ya ile ya chaneli yako kwa angalau dB 30, na makosa ya umbo la mawimbi, EVM, yasizidi, kutegemea namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi, 17.5% kwa QPSK, 12.5% kwa 16QAM, 8% kwa 64QAM na 3.5% kwa 256QAM. Hayo ni masharti ya simu nzima, si ya amplifaya. Jiachie akiba ya dB kadhaa, maana transiva (chipu ya redio inayoilisha amplifaya) nayo ina makosa yake na joto litaongeza mengine.

Hatua ya 2: Chagua nyenzo

Hapa sitakaa sana. Kwa bendi zilizo chini ya GHz 6, transista za HBT (baipola zenye makutano ya nyenzo tofauti) za galiamu asenidi ndizo zimeshika soko la amplifaya za simu kwa muda mrefu. Zinahimili volteji, zina ukuzaji mkubwa, na zinafanya kazi kwa chanzo kimoja cha umeme chanya. Silikoni ni rahisi zaidi na inakaa chipu moja na saketi za udhibiti, lakini transista zake ndogo huvunjika kwa volteji ndogo, kwa hiyo hulazimika kupangwa moja juu ya nyingine. Galiamu naitraidi inasifiwa sana, na kwa minara inastahili sifa hizo, ila huko inafanya kazi kwa volti 28 na kuendelea. Ndani ya simu yenye betri ya volti 3.8, sehemu kubwa ya ubora huo haina pa kuonekana.

Mpango wa kawaida ni chipu ya HBT kwa ukuzaji, chipu ya silikoni kwa udhibiti, na chipu nyingine ya silikoni juu ya kihami kwa swichi, zote juu ya bodi moja ndogo yenye matabaka. Transiva hutoa dBm 0 hivi, kwa hiyo unahitaji ukuzaji wa karibu dB 27. Hatua mbili za transista zinatosha.

Hatua ya 3: Tafuta mzigo wa transista

Mawimbi ya LTE yanapanda na kushuka. Ukitoa wastani wa dBm 26.5, vilele vitapita hapo. Tuseme umeamua transista ifike kikomo dB 4 juu ya wastani, na vilele vichache vilivyozidi hapo vikatike kidogo. Kilele basi ni dBm 30.5, sawa na wati 1.12.

Kanuni ni fupi: chukua volteji ya chanzo, toa volteji ya goti (ile ambayo transista haiwezi kushuka chini yake), ipige kipeo cha pili, kisha ugawe kwa mara mbili ya nguvu ya kilele. Kwa chanzo cha volti 3.4 na goti la volti 0.4 unapata 9 ÷ 2.24, yaani ohmu 4.

Iangalie hiyo namba vizuri. Antena ina ohmu 50, transista yako inataka kuona ohmu 4. Karibu kila tatizo la amplifaya ya simu linazaliwa na tofauti hiyo. Ndiyo maana moduli nyingi za kisasa hupewa kibadilishi cha kupandisha volteji. Ukiipa volti 5, hesabu ileile inakuletea ohmu 9.4, na kazi ya kulinganisha inapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini kibadilishi nacho kinakula umeme wake. Kikiwa na ufanisi wa 90%, ile kumi inayobaki iandike kwenye jedwali la hatua ya kwanza, usijidanganye.

Ohmu 4 ni mahali pa kuanzia. Ukipata kifaa cha kuvuta mzigo (kinachobadilisha impedansi inayoonwa na transista), zungusha impedansi kuzunguka hapo na uchore mikondo miwili juu ya chati moja, mmoja wa ufanisi na mwingine wa umwagikaji wa chaneli jirani. Vilele vyake havikutani. Chagua mahali kati yake, upande ambao ufanisi unashuka polepole, kwa sababu antena itakuhamisha hapo hata usipotaka.

Hatua ya 4: Saketi ya kutoa

Hapa ndipo utakapotumia wiki zako nyingi.

Kutoka ohmu 50 hadi 4 ni uwiano wa 12.5. Ukitumia kapasita moja na indakta moja, Q ya saketi (uwiano wa nishati inayohifadhiwa kwa inayotumika) ni kipeuo cha pili cha (12.5 − 1), yaani 3.4. Ukigawa safari mara mbili, ukapitia ohmu 14.1 katikati, kila kipande kina Q ya 1.6. Upotevu ni takriban Q ya saketi ikigawanywa kwa Q ya vifaa vyenyewe. Kwa indakta zenye Q ya 30, kipande kimoja kinapoteza 11.3%, vipande viwili vinapoteza 10.6%. Karibu sawa, zote ni dB 0.5. Tofauti iko kwenye upana wa masafa. Kipande kimoja kitakuwa kizuri katikati ya bendi na kibaya pembeni, na leo hii amplifaya moja hutakiwa kuhudumia bendi tatu au nne zinazopakana. Chukua viwili.

Kwenye MHz 1950, kuanzia upande wa ohmu 50: kapasita ya pF 2.6 kwenda ardhini, indakta ya nH 1.8 mfululizo, kapasita ya pF 9.2 kwenda ardhini, halafu indakta ya nH 0.52 mfululizo hadi kwenye kolekta.

nH 0.52 si kitu cha kununua. Ni mstari mfupi wa shaba kwenye bodi, usiofika milimita moja kulingana na upana wake na umbali wa ardhi iliyo chini. Ukiusogeza kidogo umebadilisha mzigo wa transista. Waya mwembamba wa dhahabu unaounganisha chipu na bodi unabeba karibu nH 1 kwa kila milimita, kwa hiyo waya mmoja peke yake ungekwisha kuvuka bajeti yako. Weka nyaya kadhaa sambamba, au pindua chipu kifudifudi juu ya nguzo za shaba. Mimi napendelea nguzo, kwa sababu nyaya hubadilika umbo kati ya moduli moja na nyingine na huwezi kuzirekebisha baadaye.

Ardhi nayo ina indaktansi. nH 0.1 kwenye emita ni ohmu 1.2 katika masafa haya, zikikabiliana na mzigo wa ohmu 4. Inakula ukuzaji na kuupotosha mzigo. Usihesabu ardhi ya emita kuwa sifuri hata siku moja. Chora matundu yote ya ardhi, uyaweke kwenye uigizaji wa sumakuumeme pamoja na mistari ya shaba, na usimamini mtu anayekwambia yeye ameshayakadiria.

Hatua ya 5: Tumia hamoniki, usizifukuze tu

Transista inayofanya kazi karibu na kikomo huzalisha mawimbi ya mara mbili na mara tatu ya masafa yake. Nadharia ya daraja A inaishia 50% ya ufanisi na ya daraja B 78.5%. Ukiipa transista impedansi sahihi kwenye hamoniki unaweza kulitengeneza umbo la volteji na mkondo ili visikutane kwa wingi kwa wakati mmoja, na ufanisi ukapanda.

Kuna ujanja mdogo ninaoupenda. Ile kapasita ya pF 9.2 ya katikati itakuwa na indaktansi ya tundu lake la ardhi. Badala ya kulalamika, itumie. Weka kapasita ya pF 6.9 na ulipe tundu nH 0.24. Kwenye MHz 1950 jozi hiyo inaonekana kama pF 9.2 uliyoitaka, na kwenye MHz 3900 inakuwa njia fupi ya kwenda ardhini, inameza hamoniki ya pili. Umepata kichujio bila kuongeza kifaa hata kimoja. Kolekta yenyewe itaona njia fupi hiyo kupitia mstari wa nH 0.52, kwa hiyo urefu wa mstari sasa una kazi mbili; rudia kuvuta mzigo kwenye hamoniki kabla ya kuufunga.

Hamoniki zina madhara nje ya ufanisi pia. Bendi ya 13 hutuma kati ya MHz 777 na 787. Zidisha kwa mbili utapata 1554 hadi 1574, na GPS iko MHz 1575.42. Amplifaya isiyochujwa vizuri inaweza kuifanya simu ipoteze mahali ilipo kila inapotuma.

Hatua ya 6: Beizi na joto

HBT ya galiamu asenidi inafunguka kwa volti 1.3 hivi kati ya beizi na emita. Saketi za kuipa mkondo mara nyingi huhitaji mbili kama hizo mfululizo, yaani volti 2.6 kabla hujafanya lolote. Betri ikishuka kuelekea volti 3, nafasi uliyobakiwa nayo ni ndogo. Pima saketi ya beizi kwa betri ya chini kabisa na baridi kali, maana baridi huongeza hiyo 1.3.

Joto linafanya kinyume. Transista ikipata moto hufunguka kwa volteji ndogo zaidi, inavuta mkondo zaidi, inapata moto zaidi. Transista kubwa imegawanywa vidole vingi, na kimoja kikitangulia wenzake kinaweza kubeba mkondo wa wote hadi kiungue. Dawa ni rezista ndogo kwenye beizi ya kila kidole. Ukiweka kubwa mno unapoteza ukuzaji, ndogo mno unapoteza chipu. Kumbuka pia kwamba galiamu asenidi hupitisha joto kwa takriban theluthi moja ya uwezo wa silikoni, ndiyo sababu chipu husagwa hadi iwe nyembamba kama mikromita 100 na vidole hutenganishwa badala ya kubananishwa.

Hatua ya 7: Acha volteji ifuate nguvu

Simu hutumia nguvu kamili kwa sehemu ndogo tu ya maisha yake. Ikiwa karibu na mnara inaweza kutuma dBm 10, na hapo amplifaya iliyosanifiwa kwa dBm 23 inakuwa kama lori la tani kumi linalobeba gunia moja.

Tuhesabu. dBm 10 kwenye antena ni dBm 13.5 kwenye kolekta, kilele chake dBm 17.5, sawa na miliwati 56. Kwa mzigo wetu wa ohmu 4, volteji inayohitajika ni 0.67, jumlisha goti 0.4, unapata volti 1.07. Ukiiacha kwenye 3.4 unachoma zaidi ya theluthi mbili za umeme bure. Kibadilishi kinachoshusha volteji kulingana na wastani wa nguvu, maarufu kama APT, kinaokoa hiyo, na ndicho kitu cha kwanza cha kuweka.

ET (envelope tracking, yaani kufuata bahasha ya mawimbi) inakwenda mbele zaidi kwa kuifanya volteji ifuate kila kilima na bonde la mawimbi yenyewe. Faida yake ni kubwa karibu na nguvu kamili, na gharama yake iko kwenye kasi. Hapa watu huteleza kwenye kitu kidogo sana: kapasita ya kutuliza umeme wa kolekta. Kwa APT unaweka kubwa upendavyo. Kwa ET, kapasita ya nF 10 kwenye MHz 100 ni ohmu 0.16, na kibadilishi kingelazimika kuisukuma hiyo badala ya transista. Shuka hadi pF 200 hivi, ambazo ni ohmu 8. Ukitaka moduli ikubali hali zote mbili, weka kapasita kubwa nyuma ya swichi.

Mpango wa Doherty, uliobuniwa na William Doherty mwaka 1936, unapata ufanisi mzuri hadi dB 6 chini ya kilele kwa kutumia amplifaya mbili zinazosaidiana mzigo. Minarani umetawala. Kwenye simu naupendekeza kwa tahadhari, kwa sababu unategemea mzigo uliotulia, na antena ya simu hushikwa na mkono, huwekwa sikioni, hutupwa mfukoni.

Hatua ya 8: Hakikisha hailii yenyewe

Amplifaya yangu moja ya mwanzo ilikuwa na ufanisi wa kuvutia. Kila nilipoipima kwa volti 3.6 na zaidi, mawimbi yaliota mabega pande zote mbili, MHz 40 hivi kutoka katikati. Nikishika waya wa umeme kwa vidole, mabega yanapotea, nikiachia, yanarudi. Nilipoteza siku nne nikirekebisha saketi ya kutoa, ambayo haikuwa na kosa. Indakta ya kulisha kolekta na kapasita ya kutuliza umeme zilikuwa zimeunda mwangwi kwenye masafa ya chini, ambako transista ina ukuzaji mkubwa mno. Rezista ya ohmu 1 mfululizo na kapasita ikamaliza kelele.

Kwa hiyo chunguza utulivu kuanzia MHz chache hadi zaidi ya GHz 10, si ndani ya bendi tu. Angalia nusu ya masafa ya kazi, ambapo mtetemo hutokea transista ikisukumwa sana tu. Angalia pia kati ya safu za vidole zilizo sambamba: upande mmoja unaweza kupanda huku mwingine ukishuka, na ukipima nje huoni kitu isipokuwa ufanisi ulioporomoka. Rezista ndogo inayounganisha safu hizo inatosha.

Hatua ya 9: Pima kama itakavyoteswa

Vipimo vya ohmu 50 safi ni vya kujipa moyo. Vya kweli vinaanza ukiweka mzigo mbovu. Pima kwa VSWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na mzigo) ya 3:1 ukizungusha pembe zote, uone umwagikaji na mkondo, kisha uende 10:1 kwa nguvu kamili na betri iliyojaa kabisa, uone kama inabaki hai. Volteji ya kolekta hapo inaweza kupanda mara kadhaa ya chanzo. Kama chipu zinakufa, ongeza diodi za kubana kwenye kolekta.

Kwa bendi zinazotuma na kupokea kwa zamu, washa amplifaya kwa vipindi vifupi kama mtandao unavyofanya, na uangalie EVM mwanzoni mwa kila kipindi. Transista ikiwa baridi ina ukuzaji tofauti na ikishapata moto, na mikrosekunde za kwanza ndizo zinazokuumbua. Kipimo kinachofanywa amplifaya ikiwa imewashwa muda wote hakitakuonyesha hilo.

Na kabla ya kuandika namba yoyote ya ufanisi, pima upotevu wa kebo na viunganishi vyako asubuhi ile ile, kwenye masafa yale yale. Kosa la dB 0.2 kwenye kebo linaibadilisha 45% kuwa 47%, na utasherehekea kitu ambacho hakipo.